Kwa nini tukishakipata tulichokitamani tunaacha kukiona? (uzi mrefu, naomba subira)

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima zenu. Wa Rungwe na Kyela ugonile, wa Iringa na Njombe kamwene.

Nauza makoti na masweta ya mtumba pale soko la Sido, Mwanjelwa, Mbeya. Kazi hii inanilazimisha kuangalia watu wakitamani, kuanzia belo linapofunguliwa asubuhi mpaka tunapofunga. Kuna jambo limenikaa kichwani muda mrefu, nimeona nilimwage hapa tulijadili. Naamini sehemu kubwa ya tamaa zinazotunyima usingizi haitokani na kukosa kitu. Inatokana na macho kuacha kuona vilivyopo.

Naanza na mwili, kwa sababu mwili hauna unafiki. Mwaka 1804 daktari mmoja wa Uswisi, Ignaz Troxler, alieleza kwamba ukikazia macho nukta moja bila kuyahamisha, vilivyo pembeni ya nukta ile huanza kufifia, na vingine hupotea kabisa. Unaweza kujaribu hapo ulipo. Miaka ya 1950 watafiti wakatengeneza vifaa vya kuifanya picha itulie juu ya retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea picha, isisogee hata kidogo, na picha ikafutika ndani ya sekunde chache. Macho yenye afya hutikisika muda wote kwa mitikisiko midogo ambayo hatuihisi. Bila hiyo tungekuwa vipofu huku tumekodoa. Kisichobadilika, mwili unakifuta, na una sababu zake: majani yanayotikisika yanaweza kuwa na chui nyuma yake, lakini jiwe lililokaa palepale tangu jana halina habari mpya.

Sasa tazama Loleza. Mgeni akiingia Mbeya mara ya kwanza anasimama barabarani kuushangaa ule mlima ulivyousimamia mji. Sisi wenyeji ukituuliza kama leo kileleni kuna ukungu, inabidi tugeuke kwanza. Uzuri wake haujapungua, ila kwetu umeshafutika. Na ninavyoona, hivyohivyo hufutika mke, hufutika mume, hufutika afya, hufutika bati tuliloezeka kwa jasho.

Mwaka 1978 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Philip Brickman waliwalinganisha washindi 22 wa bahati nasibu na watu wa kawaida wa eneo lao. Washindi hawakuwa na furaha iliyozidi ya wenzao kwa kiasi cha maana. Hilo hunukuliwa sana. Kinachonigusa mimi ni jambo jingine la utafiti huohuo: raha ya mambo madogo, kama kuongea na rafiki, kupata kifungua kinywa au kusikia kichekesho, ilikuwa chini zaidi kwa wale washindi. Watu 22 ni wachache na sidai mjadala umefungwa hapo. Lakini nimewaona wateja waliohangaika mwaka mzima kutafuta koti la ngozi, wakalipata, na msimu uliofuata wamelivaa limefubaa, wanapapasa jingine bila hata kulitazama lile walilolivaa.

Hapa ndipo biashara yangu imenifundisha kitu. Koti linaweza kuning'inia kwenye kamba wiki nzima, watu wanalipita. Siku moja dada mmoja analishika, analigeuza, anatazama bitana yake. Ghafla wa pembeni anauliza bei. Wa tatu anasema yeye ndiye aliyeliona kwanza. Koti ni lilelile, kamba ni ileile. Mfaransa mmoja, René Girard, aliyefariki mwaka 2015 baada ya kufundisha miaka mingi Marekani, alijenga fikra yake yote juu ya jambo hili: hatutamani vitu moja kwa moja, tunatamani kupitia kwa mtu mwingine anayevitamani. Tunamtazama yeye, ndipo tunakiona kitu. Nilipokutana na wazo hilo nililitambua mara moja, maana nimelishuhudia kwenye kamba yangu. Kila muuza mtumba anajua kwamba mteja wa kwanza kushika ndiye anayeuza.

Kwa hiyo macho yanafuta vyetu, na tamaa ya jirani inawasha vya kwake. Mtu akiishi hivyo miaka arobaini, amezunguka sana na hajafika popote.

Sasa nije kwa mama mkubwa, ambaye ndiye hasa aliyenisukuma kuandika. Yuko Kiwira, ana ndizi na chai kidogo. Alikuwa na mtoto wa jicho macho yote mawili, na kwa miaka kadhaa wimbo wake ulikuwa mmoja: mjenge nyumba nyingine, hii imechakaa, imekuwa ya giza. Tulichangishana tukampeleka akafanyiwa upasuaji hapa Mbeya, jicho moja kwanza, la pili baadaye.

Lenzi ya jicho la mzee mwenye ugonjwa ule huwa na ukungu, na pia hugeuka njano, hata kahawia, na rangi hiyo huzuia mwanga wa bluu usipite. Kwa kuwa inakuja polepole, mwenyewe hajui kwamba bluu imeondoka duniani mwake. Mchoraji Claude Monet alipata shida hiyohiyo: picha zake za miaka ile zilielemea wekundu na ukahawia, na baada ya kupasuliwa mwaka 1923 akalalamika kwamba vitu vimezidi ubluu. Mama mkubwa hajawahi kumsikia Monet. Lakini tulipokuwa tunapandisha kurudi Rungwe aliweka uso dirishani, kisha akaniuliza kwa ukali kabisa, kama mtu aliyefichwa jambo, kwa nini hatukumwambia kwamba mbingu iko vile.

Nyumbani haikuwa furaha tupu, na nataka niseme hili wazi kwa sababu simulizi za namna hii hupakwa sukari. Aliona utando wa buibui kwenye kona zote na mkaza mwana akapata siku mbaya. Akaona mikono yake mwenyewe. Akamwona mdogo wake, mama yangu, na akanyamaza kwa muda mrefu, maana alimwacha sura ya kijana na sasa amemkuta bibi. Ila kuhusu nyumba, hakuitaja tena. Kuta zilikuwa za kijani hafifu na alikuwa amesahau. Alichoomba ni fundi apanue dirisha la upande wa mlima. Tamaa haikufa, ilihama. Ilitoka kwenye nyumba ya kufikirika ikaenda kwenye kitu alichokuwa anakiona kwa macho yake.

Baada ya miezi michache nikamuuliza, mama, mbingu bado ni ya ajabu? Akanijibu, "Ni mbingu tu, mwanangu." Hapo ndipo nilipokwama. Kama hata yeye amezoea, basi hakuna upasuaji wa kudumu. Macho mapya nayo huzeeka.

Nimelizungusha swali hili sana, na jibu pekee nililolipata liko mlimani kwetu. Wazee wa vijiji vya kando ya mlima Rungwe, hasa wawindaji, walikuwa wanamjua kima mmoja wanayemwita kipunji. Mwaka 2003 watafiti waliokuwa wakifanya kazi huko walisikia habari zake kwa wawindaji hao. Wangeweza kusema ni hadithi za wazee, maana msituni kuna wanyama wa kweli na wa kusimuliwa. Wakaamua kumtafuta. Walipomwona, manyoya ya kahawia, kishungi cha nywele wima kichwani, mkia mrefu, mlio usiofanana na wa kima mwingine, ikabainika sayansi haikuwa inamjua. Alitangazwa mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi (kundi la spishi zenye undugu wa karibu) yake peke yake, inayobeba jina la mlima wetu. Mara ya mwisho jenasi mpya ya kima kutangazwa Afrika ilikuwa mwaka 1923.

Msitu haukubadilika. Kima alikuwa palepale. Kilichobadilika ni kwamba mtu mwenye aina moja ya macho alikaa akamsikiliza mtu mwenye macho ya aina nyingine. Nikaona: watu wengine ndio wanaotuambukiza tamaa zao, na watu wengine haohao ndio wanaoweza kututikisa macho yakaona tena. Tofauti iko kwenye tunachowauliza. Ukimuuliza jirani "umepata wapi hicho?" utaondoka na njaa mpya. Ukimuuliza "unaona nini pale?" huenda ukaondoka na mlima.

Hayo ndiyo yangu. Karibuni mnipinge.

#2

Kamwene mkuu. Niko Njombe, mkulima. Sehemu ya kuambukizana tamaa nakubali kwa mikono miwili. Parachichi ya Hass ilipoingia huku kwetu, watu hawakusoma kitabu chochote. Jirani alipanda, jirani akauza, kijiji kizima tukaacha mahindi tukachimba mashimo. Mimi mwenyewe nilipanda kwa kumwona shemeji. Lakini tamaa ile ya kuazima imenisomeshea watoto. Sasa unaiwekaje hapo? Isije ikawa tunawafundisha vijana wakae watazame milima wakati wenzao wanapanda miche.

#3

Mleta uzi umeandika vizuri ila hizi ni falsafa za watu walioshiba. Mimi naendesha bodaboda Uyole. Natamani ada ya mtoto, natamani matairi mawili mapya kabla ya masika, natamani siku moja nisinyeshewe. Macho yangu hayana tatizo, naona kila kitu vizuri sana, hasa mfuko mtupu. Ukimwambia mtu wa aina yangu atazame upya, unamwambia anyamaze.

#4 Mleta uzi

Mkuu #3, umegonga penyewe na nakushukuru. Naanza na wewe.

Nisingethubutu kukwambia uitazame upya ada ya mtoto. Katika niliowasoma, anayekusemea ni Epicurus, mwanafalsafa Mgiriki aliyefundisha Athens zaidi ya miaka 2,200 iliyopita, kwenye bustani aliyoifanya shule, na watumwa na wanawake walikaribishwa humo. Alizigawa tamaa mafungu matatu. Kuna za asili na za lazima: chakula, kinga ya mvua na baridi, usalama, marafiki. Hizo zina kikomo, ukizitimiza zinatulia. Kuna za asili lakini si za lazima, kama chakula cha anasa badala ya chakula. Na kuna tupu, kama sifa na mali isiyo na mwisho, ambazo hazitulii kwa sababu hazina mahali pa kufikia. Ada, matairi na koti la mvua viko fungu la kwanza. Mtu akikwambia uridhike bila hivyo, anakudhulumu, hata akikwambia kwa sauti ya upole.

Ninachokisema kinaanzia pale fungu la kwanza linapotimia, hata kama limetimia kwa shida. Mkuu, matairi ukiyapata, wiki ya kwanza utayasikia yanavyoshika barabara kwenye mteremko. Wiki ya sita hutayasikia tena. Wewe uliyeyahangaikia ndiye mwenye haki kuliko wote ya kuyafurahia mwaka mzima, na macho yanakunyang'anya haki hiyo. Hapo ndipo ninapoona dhuluma ya pili, na hii hatuipigii kelele kwa sababu hakuna wa kumlaumu.

Na siamini kwamba kutazama ni kazi ya walioshiba. Epictetus, mwanafalsafa mwingine wa kale, alizaliwa mtumwa, na ni miongoni mwa waliofikiri kwa kina kuliko wengi kuhusu nini kiko mikononi mwa mtu na nini hakipo.

Mkuu #2, tamaa ya kuazima si dhambi. Mtoto anajifunza kutembea na kuongea kwa kutamani kile anachokiona kwa wakubwa, na nawe ulijifunza parachichi vivyo hivyo. Ningekuuliza tu, na ninauliza kwa heshima: leo ukiingia shambani, unauona mti, au unaona bei ya kilo? Kama unaona vyote viwili, basi umeazima ukalipa deni.

#5

Habari za humu. Mimi ni muuguzi, nimefanya kitengo cha macho kwa muda, siko mbali na nyie. Mama mkubwa wako si wa kwanza. Wagonjwa wengi wanataja bluu, na wengi wanashtushwa na nyuso, hasa ya kwao kwenye kioo. Kuna baba alikana wodini kwamba yule ni mke wake kwa dakika kadhaa mpaka alipoongea.

Naongeza jambo linalohusu mada yako moja kwa moja. Kuona si kufungua macho tu, ni kitu tunachojifunza. Mwaka 1688 William Molyneux wa Ireland alimwandikia mwanafalsafa John Locke akiuliza: mtu aliyezaliwa kipofu, anayejua mchemraba na tufe kwa kupapasa, akipata kuona leo, atavitambua kwa macho bila kuvigusa? Wanafalsafa walibishana kwa karne tatu. Mwaka 2011 matokeo yalitoka India, kwa watoto 5 waliokuwa wamezaliwa bila kuona na wakapasuliwa wakiwa wakubwa. Mara baada ya upasuaji hawakuweza kulinganisha walichokipapasa na walichokiona. Baada ya siku chache wakaanza kuweza. Kwa hiyo sisi wote tulishawahi kujifunza kuona, ila tulikuwa wachanga na hatukumbuki.

Ndiyo maana nawaomba wazazi: mtoto mchanga akiwa na weupe kwenye mboni, msisubiri akue. Ubongo una muda wake wa kujifunza kuona, ukipita ni vigumu kuurudisha.

#6

Natoka Mbozi, nimekua si mbali na kile kimondo cha kilima cha Marengi. Jiwe la chuma kutoka angani, urefu mita 3 hivi, uzito zaidi ya tani 10, na utotoni tulilichukulia kama sehemu ya kupumzikia ukitoka shamba. Wenyeji walilijua zamani sana, wataalamu wakaliandika mwaka 1930. Nimeondoka nikaishi Dar, nikarudi na binti yangu wa miaka sita. Akaligusa akaniuliza, "Baba, lilikuwa wapi kabla halijawa hapa?" Sikuwa na la kujibu. Mleta uzi, ulisema tuwaulize wengine wanaona nini. Ongeza watoto kwenye orodha yako.

#7

Ndaga mkuu kwa uzi. Nauliza nje kidogo ya mada, mnisamehe. Baba yangu yuko Ilolo, Rungwe, ana miaka sabini na kitu na haoni vizuri, tumeambiwa ni mtoto wa jicho. Anakataa katakata kwenda. Anasema watamtoa jicho walioshe halafu walirudishe, na kwamba isitoshe bado "halijaiva". Je, ni kweli inabidi kusubiri? Na mama yako mkubwa mlimshawishi vipi?

#8 Mleta uzi

Mkuu #7, hujatoka nje ya mada hata kidogo.

Dada wa #5 atanisahihisha, ila tulivyoelezwa sisi, habari ya kusubiri liive ni ya zamani, ya mbinu za zamani. Siku hizi wanapasua likishaanza kumzuia mtu kufanya shughuli zake, na likiachwa likakomaa sana upasuaji wenyewe unakuwa mgumu zaidi. Jicho halitolewi. Wanafungua sehemu ndogo, wanaitoa ile lenzi yenye ukungu, wanaweka ya bandia. Kwa mama mkubwa ilikuwa ganzi ya jicho tu, alikuwa anawasikia wanavyoongea. Alirudi nyumbani na dawa za matone na masharti ya kutoinama sana na kutopikia kuni kwa muda. Hilo la kuni ndilo lililomuudhi.

Kumshawishi hatukuweza. Sote tulijaribu, watoto, mchungaji, mpaka mwenyekiti wa kitongoji. Aliyemweza ni mzee mwenzake wa kule Ushirika aliyekuwa ameshafanyiwa. Alikuja akakaa naye jikoni, hakumweleza chochote kuhusu hospitali. Alianza kumsimulia tu anachokiona humo ndani: masizi, rangi ya sufuria, kuku aliyekuwa mlangoni. Mama mkubwa akaona wivu. Wivu wa wazi kabisa. Kesho yake akauliza nauli ni shilingi ngapi.

Nimempigia mama mkubwa jioni hii nikamsomea ulichoandika. Anasema Ilolo si mbali, anaweza kuja kumsalimia mzee Jumapili baada ya ibada, mradi mumpe mtu wa kumpokea barabarani kwa sababu njia za huko zina utelezi wakati huu. Nitumie namba yako inbox niwaunganishe.